Mkwe Aliyetumwa na Mutuelle

Kasongo, 4 Machi 2024

Kwako Bwana Magloire,
Ambasadeni, kwenye ubalozi wetu, Ankara

Salamu nyingi. Hatujaonana bado. Mimi ni Anastasie, mwakilishi wa Mutuelle, chama cha kusaidiana cha Maajenti wa Serikali Walio Nje, kwa upande huu wa kusini mwa Maniema. Kazi yangu unaijua, kwa kuwa wewe ni mwanachama: kuwatembelea wazazi wa wenzetu walioko ng'ambo, kuwafikishia vitu, na kwenda matangani pale mwenye msiba asipoweza kufika. Wakubwa wetu wa Kinshasa wanataka raporo ya kila ziara iandikwe kwa mkono na itiwe sahihi, ndiyo maana unapata barua. Nitaipiga picha nikutumie rezo ya simu ikirudi.

Nilifika Wamaza wiki iliyopita kwa pikipiki, nikitokea Kabambare. Mama yako, Mama Léocadie, ni mzima ila anakohoa. Sukari, sabuni na kitenge amepokea. Nyumba haivuji. Raporo niliyopeleka Kinshasa inaishia hapo. Yanayofuata sikuyaandika, kwa sababu naona haya.

Nilimkuta jikoni anasonga bugali. Kikohozi kikamkamata mpaka akainama juu ya sufuria. Sasa mimi nililelewa na masista hapa Kasongo, na masista walitufundisha kwamba mtoto wa kike hakai akimtazama mtu mzima anateseka na moto. Nikamtoa mwiko mkononi, nikasonga. Kumbe nyumbani kwenu mgeni, hata awe nani, hagusi mwiko wa mwenye jiko. Anayeugusa ni mke wa mtoto wa nyumba, siku ya kwanza anapoingia, na akishaugusa maneno yamekwisha. Nani aliniambia? Hakuna. Mama yako akaacha kukohoa. Akanitazama mimi, akatazama kitenge ulichomtumia, akapiga kigelegele ambacho sikudhani kifua kile kinaweza kukitoa.

"Fatuma! Kuja uone!" akamwita jirani. "Magloire ametuma muke! Alikuwa anaogopa kusema, sasa ametuma muke mwenyewe!"

Naapa nilifungua mdomo. Lakini Fatuma alikuwa amekwisha kuingia, na nyuma yake wanawake wengine, na mama yako analia kwa furaha, ananishika mashavu, ananiita mukwe. Wakachinja kuku. Nikala, Bwana Magloire. Nilikaa pale na kumla huyo kuku wa watu mpaka mifupa, na neno la kweli halikunitoka.

Nakuomba umtumie mama yako ujumbe mfupi tu, umweleze kwamba mimi ni mtu wa Mutuelle. Ukisema wewe haitamuuma sana. Nisamehe.

Anastasie


Ankara, 11 Machi 2024

Dada Anastasie,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa biro akaja kuuliza kuna habari gani! Usione haya hata kidogo. Unajua mama ananidai mke tangu lini? Tangu nilipoota ndevu. Kila mtu anayetoka Wamaza ananiletea swali hilohilo, kana kwamba serikali ilinituma huku nihesabu vocha za malipo na kutafuta mchumba.

Muache afurahi. Ni mzee, ni mgonjwa, furaha yake haimdhuru mtu. Ukipita tena mwambie namsalimu na kazi ni nyingi. Mutuelle inatuahidi huduma kamili, au siyo? Basi hakuna mwanachama aliyehudumiwa kuliko mimi: nimeozwa na kusongewa bugali bila kutoka ofisini.

Jambo moja tu. Kwenye faili yangu kuna namba mbili. Hiyo ya pili usiipige. Ni ya nyumbani, na mimi nyumbani sikai sana. Niandikie kwenye hii.

Wako katika kazi,
Magloire


Kabambare, 19 Mei 2024

Kwako Magloire,

Sikuandikii "Bwana" leo, utanivumilia.

Tangu barua yako nimekwenda Wamaza mara tatu. Ulisema nimuache afurahi, nikamuacha. Safari ya kwanza alikuwa amenifumia mkeka. Safari ya pili alikuwapo mjomba wako, Mzee Kassimu, kaka yake mama, amekuja kwa miguu kunitazama. Aliniuliza watu wa kwetu, akaniuliza nasali wapi. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki kama dada yake. Akasema, "Haizuru. Miye naswali musikitini, dada yangu anaenda ku misa, na chakula tunakula sahani moja. Bora mutoto apatikane." Nikatazama chini. Wao wakadhani ni adabu.

Juzi nimemkuta mama yako hawezi kusimama. Kikohozi kimekuwa na damu. Muuguzi wa kituo cha afya amesema ni mapafu, na kwamba tusimdanganye mtu, siku zake si nyingi. Nikarudi mpaka hapa Kabambare kutafuta rezo. Namba yako hukupokea, asubuhi wala mchana. Nikapiga ya pili.

Alipokea mwanamke. Alizungumza Kiswahili kizuri cha Bukavu. Akasema yeye ni Naomie, mke wako, na nyuma yake nilisikia watoto wanagombania kitu. Nikafikiri, basi, huyu mtu ana mke na amemficha mama yake. Ni aibu, lakini ni ya kawaida. Nikamwambia, "Madamu, mwambie mumeo mama yake anaumwa sana."

Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mama yupi? Mama yake Magloire alikufa kabla hatujaoana."

Nikakata simu. Mwenye duka niliposimama kupiga akaniletea kigoda. Nimefanya kazi hii miaka, nimepeleka sanda, nimepeleka dawa, nimesoma pole za watu mbele ya makaburi. Sijawahi kutumwa kwa mama aliye hai ambaye mwanawe amekwisha kumzika.

Nieleze. Na kama huna maelezo, njoo.

Anastasie


Ankara, 22 Mei 2024

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Baba yake Naomie ni mtu mkubwa Bukavu. Siku nilipokwenda kujitambulisha, tulikaa kwenye sebule yenye vioo pande zote, wakaniletea soda kwenye sinia. Akaniuliza, "Kijana, kwenu wapi, na wazazi wako tutawaona lini?" Nikaiona safari nzima. Nikamwona mzee yule akishuka kwenye pikipiki, suruali imejaa matope. Nikaiona nyumba ya udongo, choo nyuma ya migomba, mama anatoka jikoni bila viatu, anafuta mikono kwenye kitenge chake kabla ya kumsalimu, anamsalimu kwa sauti ile kubwa. Nikasema wazazi wangu wote wamefariki. Baba kweli alikuwa amefariki. Mama nilimwongeza tu.

Haikuchukua hata pumzi moja. Walinipa pole. Mama yake Naomie alinishika mkono akasema, "Tangu leo mimi ndiye mama yako." Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kurudi nyuma? Nilijiambia nitarekebisha baada ya harusi, kisha baada ya mtoto wa kwanza, kisha nikatumwa huku. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenichukua miaka minane na bado naitembea.

Naomie ameniuliza kuhusu simu yako. Nimemwambia ni watu wa utapeli.

Siwezi kuja. Nitakuja kumuuguza nani? Nitamuaga mke wangu niende kumzika nani? Nakuomba, Dada Anastasie, kwa sababu Mutuelle ndiyo mikono yangu huko: kaa naye. Kama mkwe, kama unavyotaka. Na siku ikifika, fanya yote kwa jina langu, nami nitasaini kila karatasi. Najua ninachokuomba. Usidhani silali vizuri kwa sababu ya baridi.

Magloire


Kasongo, 27 Mei 2024

Magloire,

Nilitaka kukutukana. Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ukurasa, na ulikuwa mtamu kweli, nikauchana. Sikiliza kwa nini.

Mimi nina miaka thelathini na tisa na sijaolewa. Hapa Kasongo najulikana kwa hilo kuliko kwa kazi yangu. Nikipita sokoni akina mama wananitania, "Anastasie, unapeleka pole za watu, wako watakuletea nini?" Nacheka nao. Nimezoea. Lakini kule Wamaza kuna mwanamke mmoja ambaye nikitokea tu kwenye migomba anaanza kuimba. Anasogeza watu nipate nafasi pembeni yake. Ananiambia, "Mukwe yangu, umekonda, hawakulishi kule?" Barua yako ya kucheka ilipofika, ile ya "muache afurahi", sikuudhika. Nilifurahi. Nilijua ni vibaya na nikafurahi, nikanunua hata kitambaa kipya cha kichwa cha kwendea. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mahali pa juu. Wewe umemkana mama, mimi nimemwiba. Sijui Mungu ataanza na nani.

Lakini yangu nimeamua kuimaliza. Nitakwenda Wamaza tena nimwambie mama yako kweli: mimi si mke wa mtu, nimetumwa na chama cha kazi. Anistahi au anifukuze. Kila nikienda ananiuliza jambo moja, "Na ye atakuja?" Nami nasema, "Atakuja, Mama." Sitaki kulisema tena kama si kweli. Haulizi habari za vitu, haulizi una cheo gani. Anataka kuona uso wako tu, basi.

Barabara ni kavu sasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha mama, na kifo ni hichohicho kinakuja. Mwambie mkeo leo.

Anastasie


Ankara, 5 Juni 2024

Kwa Mama Anastasie,

Nimeandika kwa namba iliyonipigia mwezi uliopita. Mimi ni Naomie, mke wa Magloire. Wewe si mtapeli. Matapeli hawakati simu wao.

Nilimuuliza tena na tena, mpaka juzi akakaa kwenye kiti cha watoto, kile kidogo, akaniambia yote. Ya mama yake, ya Bukavu, na yako wewe na mwiko. Sikupiga kelele. Nilikwenda chumbani nikakaa na aibu yangu, kwa sababu nami ninayo, ingawa sikuitafuta.

Tangu tulipooana, kila mwezi wa Novemba ninaombesha misa kwa roho ya Mama Léocadie. Kila Novemba. Padri analitaja jina lake baada ya majina ya marehemu wa kwetu, nami napiga magoti na watoto wangu, nawaambia, ombeeni bibi yenu apumzike kwa amani. Na Magloire amepiga magoti pembeni yangu, ameinamisha kichwa. Nilikuwa naona mume wangu anavyompenda mama yake nikamshukuru Mungu. Kumbe bibi ya wanangu alikuwa anakohoa Wamaza na mimi ninamsukumia udongo.

Tunakuja. Magloire na mimi. Watoto wanabaki kwa dada yangu Nadine. Konje, likizo ya kazi, Magloire ameipata. Tutashukia Kinshasa, kisha Kindu, kisha hiyo pikipiki. Nakuomba uniambie: anapenda nini? Anaweza kula vitu vitamu? Nimemnunulia blanketi la sufu, sijui kama ni zito mno kwa kifua chake. Na unifundishe namna ya kumsalimu kwa Kibangubangu. Neno moja tu linatosha.

Wewe sikuchukii. Nakuonea wivu kidogo, umemwona.

Naomie


Kabambare, 15 Juni 2024

Kwa Naomie na Magloire,

Najua mko njiani. Mtaisoma hii simu zenu zitakapopata rezo Kindu, na nisameheni kwamba hakuna mtu wa kuwashika mkono wakati mnaisoma.

Mama Léocadie alituacha Jumatano. Tumemzika Alhamisi, pembeni ya mumewe.

Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Njia nzima kutoka Kasongo niliyapanga maneno, dereva wangu Pitchou akadhani nasali. Tulipofika kwenye migomba nikasikia kilio. Fatuma akanipokea mikononi, akanivua viatu, akanifunga kiunoni kitambaa cha wafiwa. Mzee Kassimu akanionyesha mkeka wa mbele. "Mukwe, ikala hapa. Nafasi yako ni hii, mwenzako hayuko."

Ile ilikuwa nafasi ya kusema. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Nikakaa. Naomie, nilikaa kwenye mkeka wako. Nilimwosha pamoja na wanawake wa ukoo, nikamfunga kitenge, na wakati wa kulia nililia kwa sauti kubwa kuliko wote, si kwa kuigiza. Nilikuwa mwakilishi au mkwe, sijui. Fatuma anasema kabla ya kukata roho aliuliza kama ile sauti ya pikipiki ni yenu. Ilikuwa ya muuza chumvi.

Neno la kumsalimia ulilotaka sikukuandikia kwa wakati. Niliona haya kulifundisha.

Nimeondoka Wamaza baada ya maziko nikisingizia kazi. Niko hapa Kabambare. Mkifika, mtakuta wanawangoja. Wanajua tu kwamba Magloire anakuja.

Anastasie


Wamaza, 21 Juni 2024

Dada Anastasie,

Barua hii anakuletea Pitchou mkononi. Nimemwomba aondoke kabla giza halijaingia.

Tulifika juzi. Mjomba Kassimu alinikumbatia, tukalia, watu wakanipa pole, wakanipeleka kaburini. Naomie alikuwa nyuma yangu amebeba lile blanketi. Tuliporudi uwanjani wakakaa wote, na mjomba akaniuliza kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya:

"Magloire, pole sana. Muke yako tunamujua, alizika mama yako wakati weye hauko. Tunamushukuru. Sasa huyu bibi unakuja naye ku matanga, ni nani?"

Watu wote walikuwa wanamtazama Naomie. Nilitaka kusema. Nikaona nyuso zao, nikaona kwamba nikifungua neno moja lazima nifungue yote: Bukavu, misa, miaka yote, na kwamba mama amekufa akimwita mkwe mtu asiye mkwe kwa sababu mimi nilicheka. Nikasema anatoka Mutuelle.

Nikasema, "Ni mwakilishi wa Mutuelle, amenisindikiza."

Naomie alinisikia. Walimpa kiti cha wageni, kule pembeni, wakamletea maji na kumshukuru kwa huduma za chama chetu. Alishukuru naye. Kwa sauti nzuri, kama alivyolelewa. Analala kwa Fatuma. Tangu hapo hajanisemesha, ila mara moja, aliniambia, "Mama yako ulimuua mbele ya watu wa kwetu. Mimi umeniua mbele ya watu wa kwenu."

Sijapata kuona haya namna hii, na nilidhani nazijua zote. Nakuomba uje. Wewe wanakupenda, wewe wanakuamini. Kaa nao uwaeleze kwa niaba yangu, polepole, mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako. Hiyo si ndiyo kazi ya Mutuelle, kumsemea mwanachama pale asipoweza? Ni huduma ya mwisho nitakayoomba. Pitchou atakubeba.

Magloire


Kabambare, 22 Juni 2024, asubuhi

Magloire,

Pitchou anarudi nayo sasa hivi, nyuma ya pikipiki hakuna mtu.

Nina langu la kuwaambia watu wa Wamaza, nami nitakuja kulisema, nikiwa nimesimama, bila kitambaa cha mtu kiunoni. Mzee Kassimu anaweza kunifukuza uwanjani na atakuwa na haki. Lakini nikitangulia mimi, watanisikiliza mimi, watanisamehe mimi, na wewe utaupata msamaha wako kama ulivyopata kila kitu mwaka huu, ukiwa umekaa. Sitakufanyia hivyo tena. Nimekwisha kukuharibu vya kutosha kwa kukusaidia.

Naomie naye alimpa Pitchou ujumbe wa kuniletea. Anasema atangoja mpaka kesho watu watakapotoka kanisani na kukusanyika kwa mjomba wako. Ukisema, atabaki amalize matanga. Usiposema, anapanda pikipiki kwenda Kindu, na kutoka hapo anakwenda kwa baba yake, peke yake. Ameniuliza bei ya pikipiki. Hakulia, Pitchou anasema.

Kwa hiyo usiningoje. Nimesoma tena kanuni za Mutuelle tangu alfajiri, nikitafuta mlango wa kukuhurumia, kwa sababu nakuhurumia. Hakuna. Tunasema kwa niaba ya wanachama walio nje ya nchi tu, na wewe umekwisha kufika kwenu.

Anastasie